Njia ya Unyanyembe na Khabari za Mbegu

Misafara iliyotoka Bagamoyo zamani kuelekea Ujiji ilihesabu safari kwa miezi, na katika njia nzima hapakuwa na mahali palipoogopwa kama Mgunda Mkali, pori kavu lililo baina ya Ugogo na Unyamwezi. Wapagazi walilivuka wakiwa na chakula chao mabegani na maji katika vibuyu, na aliyeishiwa hakuwa na wa kumwomba. Siku hizi basi laondoka Dodoma asubuhi, lapita Manyoni na Itigi, laingia katika pori lilelile juu ya lami, na abiria wasinzia. Hufika Tabora jua lingali juu.

Mimi sikusinzia, kwani nilikuwa na jambo la kutazama. Wanafunzi wakubwa wa chuo ninachosomesha walikuwa wameniuliza juu ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba, yale ambayo watu huyaita kwa herufi tatu, GMO. Mmoja alikuwa amesikia kwamba ni haramu. Wa pili alisikia kwamba yamtia mtu utasa. Wa tatu, ambaye baba yake ni mkulima, aliuliza kama ni kweli kwamba viwavi hawayali. Nikaona kwamba maswali haya hayafai kujibiwa kwa mambo ya kusikia tu, na kwamba njia ya Unyanyembe ni mahali pazuri pa kuyatafutia jawabu, kwa sababu vyakula vingi tulavyo leo katika nchi za bara vilipita humo vikiwa wageni.

Mahali pa kwanza pa kutazamwa pako kaskazini ya mji wa Dodoma, paitwapo Makutupora. Pana kituo cha Serikali cha utafiti wa kilimo, ambacho wengi wakijua kwa ajili ya mizabibu. Hapo, mwezi wa Oktoba 2016, palipandwa mahindi ya kwanza ya namna hii katika ardhi ya Tanzania, ndani ya uzio na chini ya ulinzi. Kazi hiyo ilikuwa ya mradi ulioitwa WEMA, ulioanza mwaka 2008 chini ya uongozi wa shirika la AATF lenye makao yake Nairobi. Kinasaba cha kuvumilia ukame kilitolewa na kampuni ya Monsanto ya Marekani, na fedha zilitoka katika mfuko wa Bill na Melinda Gates na ule wa Howard Buffett. Monsanto yenyewe ilinunuliwa na Bayer ya Ujerumani mwaka 2018.

Yafaa msomaji ajue kwamba miaka mingi ilipita kabla mahindi hayo hayajagusa udongo wetu, na sababu yake ilikuwa sheria. Kanuni za mwaka 2009 zilisema kwamba mwenye kuleta mmea wa namna hiyo atawajibika kwa madhara yatakayotokea, awe amezembea au hakuzembea. Wataalamu wakalalamika kwamba hapana mfadhili wala kampuni itakayokubali sharti hilo. Mwaka 2015 kanuni zikalegezwa kwa ajili ya utafiti, na mwaka uliofuata mbegu zikapandwa. Mnadani kwetu, mtu akikuuzia ng'ombe na kuapa kwamba ni mzima, kisha akakataa kuandikiana nawe juu ya ugonjwa, humwiti mwongo. Lakini hufungui mkoba kwa haraka.

Majaribio hayakudumu. Mwezi wa Novemba 2018 Katibu Mkuu wa Wizara ya Kilimo aliamuru yasimamishwe na mabaki yake yaharibiwe, baada ya matokeo kutangazwa bila ya idhini. Mwezi wa Januari 2021 aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kwamba yamefungwa. Jirani zetu wa Kenya wamekwenda njia nyingine, wakageuka mara kadhaa. Mwaka 2012 walipiga marufuku kuingiza chakula cha namna hii, mwezi wa Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri likaiondoa marufuku hiyo, watu wakaenda mahakamani, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikazuia tena kwa muda wakati shauri likingojea. Mpaka wa Namanga ni mrefu, na lori la mahindi halina kinywa cha kusema limetoka wapi.

Sasa na tuwajibu vijana, tukianza na lile la kubadilisha, kwani hapo pana mchanganyiko mkubwa. Watu wengi wakiona mfuko wa mbegu dukani, wenye picha ya hindi nene na rangi nyekundu ya dawa, husema: hii ndiyo GMO. Siyo. Hizo ni mbegu chotara. Mahindi ya namna mbili hupandanishwa kwa chavua, kama vile mfugaji apandishavyo jike lake kwa dume la jirani, na mtoto hutoka na nguvu kuliko wazazi. Lakini nguvu hiyo haidumu. Ukizipanda tena punje za chotara, mwaka wa pili shamba hutoka na mabua marefu na mafupi yasiyolingana, na mavuno hupungua. Kwa hiyo mkulima hurudi dukani kila mwaka. Ama kubadilisha vinasaba ni jambo jingine. Mtaalamu huchukua sehemu ndogo ya urithi wa kiumbe ambacho hakiwezi kuzaana na mahindi kamwe, akaitia ndani ya mbegu. Katika mahindi ya Makutupora viumbe hivyo vilikuwa bakteria wa udongoni: mmoja ili mmea ustahimili ukame, mwingine ili mmea ujitengenezee sumu ya kuwaua viwavi. Yule kijana mtoto wa mkulima alikuwa amesikia kweli. Na tusiwacheke wanaoitaka mbegu hiyo. Aliyeyaona mashamba mwaka 2017, viwavijeshi vamizi walipoingia nchini, anajua maana ya kuamka na kukuta majani yametobolewa kama kitambaa kilicholiwa na nondo.

Je, ni haramu? Wako wanaosoma aya ya Sura ya An-Nisaa inayomtaja Shetani akiapa kuwaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Mwenyezi Mungu, wakakata hukumu papo hapo. Lakini Mtume (S.A.W.) alipowakuta watu wa Madina wakipandisha mitende kwa mikono, kisha wakaacha kwa sababu ya neno lake na mavuno yakaharibika, aliwaambia kwa maana kwamba wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Khabari hii imo katika Sahihi Muslim. Na Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha Makka cha mwaka 1998, lilijuzisha elimu hii itumike katika kilimo na mifugo, kwa sharti la kuchukua hadhari ili isilete madhara. Basi mwenye kusema haramu na alete hoja yake mbele ya wanazuoni, asiitoe katika kijiwe cha kahawa.

Na lile la utasa? Sikuona ushahidi wake popote. Khofu nyingi za Afrika ya Mashariki zilichochewa na utafiti mmoja wa Kifaransa wa mwaka 2012 juu ya panya na uvimbe. Kenya ilipiga marufuku yake mwaka huohuo. Mwaka 2013 jarida lililouchapisha utafiti ule likauondoa katika kurasa zake. Sisemi haya ili kuisifu mbegu. Nasema kwa sababu Mwislamu hakuruhusiwa kusimulia kila asikialo, hata kama lamdhuru mtu asiyempenda.

Baada ya kuyaweka hayo kando, ndipo nilipoingia Tabora kutafuta lile ambalo vijana hawakuliuliza.

Tabora, ambayo wazee na wasafiri waliiita Kaze au Unyanyembe, ni mji wa miembe. Mgeni hupelekwa Kwihara, nje kidogo ya mji, kuonyeshwa tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 pamoja na Stanley, kisha peke yake akingojea wapagazi hadi mwezi wa Agosti. Ni nyumba nzuri ya udongo yenye milango ya kuchongwa, nami sina neno nayo. Ila naona ajabu kwamba katika mji uliokaa maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi, walioibeba biashara ya nchi nzima juu ya vichwa vyao, nyumba inayohifadhiwa ni ya mgeni aliyekuwa akingoja wapagazi.

Mwembe asili yake Bara Hindi. Mpunga ulioshika mabonde ya Unyanyembe ulitoka Asia nao, na watu wa pwani na Waarabu waliupanda hapa ili wapate wali waliouzoea. Mahindi, mihogo, karanga na viazi vitamu ni vya Amerika. Wareno na merikebu zao waliviingiza katika pwani za Afrika, na watu wakavichukua bara. Richard Burton alipofika hapa mwezi wa Novemba 1857, mtama ndio uliokuwa chakula kikubwa cha nchi, pamoja na uwele na njugu mawe. Leo tazama mezani pa Mnyamwezi: ugali wa mahindi, mchuzi wenye karanga, na wakati wa kiangazi michembe na matobolwa ya viazi. Mwanamke mmoja wa soko kuu la Tabora, aliyekuwa akiuza michembe kwa kopo, nilipomwambia kwamba kiazi kilitoka ng'ambo ya bahari alinitazama kama mtu aliyemtukania nyanya yake. Akasema, "Ustadh, mbegu hii niliikuta kwa mama, na mama aliikuta kwa bibi." Naye hakukosea.

Basi ugeni wa mbegu si kasoro. Watu wa njia hii hawakuwa na khofu ya kigeni. Walikipokea, wakakijaribu katika kishamba kidogo nyuma ya nyumba, kikifaa wakakikuza na kisipofaa wakakiacha. Mpagazi alikuja na punje katika fundo la shuka yake. Mkewe alizipanda. Mavuno yalipotoka alichagua mahindi makubwa yaliyojaa vizuri, akayafunga pamoja kwa maganda yake na kuyatundika juu ya meko ili moshi uyalinde, na jirani akimwomba mbegu alimpa. Hakuna aliyemwuliza alizipata kwa nani. Ghala ya mbegu ilikuwa dari ya mama, na ufunguo wake ulikuwa kwake.

Lakini njia iletayo mbegu huleta na vingine. Hapa Tabora ndipo Afrika ilipomjua kwanza mdudu aitwaye dumuzi, na wengine humwita Skania kwa jina la lile lori lenye nguvu. Asili yake ni Amerika ya Kati. Alionekana katika mkoa huu mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, na wataalamu wadhani alikuja na shehena ya mahindi kutoka ng'ambo. Ni mdudu mdogo kuliko punje ya mchele. Huingia katika hindi likiwa bado kwenye gunzi lake, akalisaga lote likawa unga, na akimaliza hapo huenda kwenye makopa ya muhogo. Kutoka Tabora alifuata reli na barabara hadi nchi za jirani. Zamani Mnyamwezi aliweka mahindi yake na magunzi yake, na katika Sura ya Yusuf twasoma kwamba Nabii Yusuf (A.S.) aliwaagiza watu wa Misri waiache nafaka katika mashuke yake. Dumuzi aliiharibu desturi hiyo. Wakulima waliambiwa wayapukuchue mahindi mara moja, wayachanganye na dawa ya unga, wayatie katika magunia. Dawa ile yanunuliwa. Katika miaka ya 1990 ikabidi aletwe Afrika mdudu mwingine, kutoka hukohuko alikotoka dumuzi, ili amle. Na dumuzi yupo hadi leo.

Namtaja kwa kirefu kwa sababu ndiye aliyenifahamisha neno la wale wanaotaka hadhari. Hapana aliyemkusudia. Hapana kampuni iliyomwuza wala Serikali iliyomwalika. Lakini alipokwisha ingia hakuwa na wa kumrudisha, na gharama yake hailipwi na aliyeileta ile shehena, bali na mama wa Sikonge anunuaye pakiti ya dawa kila mavuno. Zile kanuni za mwaka 2009 zilikuwa zikiuliza hasa jambo hili: nani atalipa?

Kutoka Tabora nilikwenda Urambo, ambako garimoshi la Kigoma hupita. Ni mji uliopewa jina na Mtemi Mirambo, aliyeishika njia ya misafara kwa nguvu zake hadi alipofariki mwaka 1884. Khabari yake imeandikwa mara nyingi, naipita. Iliyonivuta ni ile ya karanga.

Baada ya Vita Vikuu vya pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 mkubwa mmoja wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa ya Unilever, alitoa shauri kwamba Tanganyika ilimwe karanga, na mahali palipochaguliwa palikuwa Kongwa, Nachingwea na hapa Urambo. Azma ilikuwa zaidi ya ekari milioni tatu. Matrekta yalikuja, na vifaru vilivyobaki vitani viligeuzwa kuwa mashine za kung'olea miti. Kampuni iliongoza kazi mwanzoni, kisha shirika la Serikali likashika. Mwezi wa Januari 1951 shauri zima lilitangazwa kuwa limeshindwa, na pauni milioni 36 za watu wa Uingereza zilikuwa zimepotea. Karanga zenyewe hazikuwa na kosa; Wanyamwezi walikuwa wakizilima miaka mingi kabla, katika mafungu madogo, kila mtu akijua udongo wake. Hakuna aliyewauliza. Majaribio madogo ambayo yangeonyesha udongo wafaa wapi na mvua yatosha wapi yalionekana kuwa ni kupoteza wakati.

Palipokuwa pa karanga pakaja tumbaku, na tumbaku ndiyo bado ipo. Pande zote za Urambo, Kaliua na Sikonge utaona mabani ya kukaushia, na magogo ya miyombo yaliyopangwa kando yake. Juu ya hukumu ya tumbaku wanazuoni wamesema vya kutosha na sitaingia humo. Nataka kusema juu ya mkataba. Mkulima huandikishwa kwa makisio, yaani kiasi atakachoruhusiwa kuuza. Mbegu na mbolea huzipata kwa mkopo kupitia chama cha msingi. Mwisho wa msimu hupeleka marobota sokoni, mteuzi huyatazama na kuyatia daraja, na daraja ndilo bei. Kisha mkopo hukatwa. Mara nyingi deni la mwanachama mmoja hugawanywa kwa wenzake, na mwaka ambao mnunuzi amepunguza makisio au ameondoka, tumbaku hubaki bani. Nayo hailiwi.

Hili ndilo lililonistaajabisha kuliko yote. Katika magazeti na misikitini twapiga kelele juu ya mahindi ambayo bado hayajafika, kwamba yatamfunga mkulima kwa makampuni. Na wakati huohuo vijana wetu wa Tabora wamekaa ndani ya kifungo hicho tangu enzi za babu zao, nasi twakiita zao la biashara. Kama mtu ataka kujua itakuwaje mbegu ya chakula ikiwa mkononi mwa mnunuzi, asiende Marekani kuuliza. Aje Urambo.

Nilikaa na mzee mmoja mkulima wa tumbaku, baada ya Sala ya Alasiri, nikamweleza ya Makutupora. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Mwalimu, mbegu hiyo ikija, itakuja na karatasi au bila ya karatasi?"

Nikamjibu kwamba waliokuwa na mradi walisema kinasaba chao wamekitoa bila ya malipo, na kwamba mbegu ingeuzwa na makampuni ya hapahapa kwa bei ya kawaida.

"Na mwaka wa pili naweza kuipanda ile niliyovuna?"

Nikamwambia kwamba kinasaba kile kilitiwa ndani ya mahindi chotara, kwa hiyo angerudi dukani.

"Basi karatasi ipo," akasema. "Ila haijaandikwa."

Nikamkumbusha kwamba na chotara anazozinunua sasa zina hali hiyohiyo. Akakubali, akacheka. Alisema mwaka wenye mvua nzuri hununua, na mwaka wenye shaka hupanda mahindi ya mbegu yake mwenyewe, kwa sababu yakifa hakupoteza fedha. Kwake hiyo ndiyo faida ya kuwa na mbegu mbili: achague yeye. Wala hakutaka aharamishiwe mbegu mpya. Alitaka tu isije ikawa ndiyo pekee.

Sheria yetu inampa mlango mmoja. Wakulima wadogo waliojiunga katika kikundi wanaruhusiwa kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa na kuziuzia majirani wa eneo lao, wakikaguliwa na TOSCI, taasisi ya Serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Kikundi cha mzee yule kilikuwa kimekwisha pata fomu, na kwa kuwa macho yake yamedhoofika aliniomba nimsomee. Walitaka kuzalisha mahindi ya Staha, mbegu ya Serikali isiyo chotara, ambayo punje zake zaweza kurudishwa shambani. Tulijaza majina ya wanachama, ukubwa wa shamba na umbali wake kutoka mashamba mengine ya mahindi. Mkewe, aliyekuwa akitusikia kutoka ukumbini, akauliza kama naweza kuuandika na mtama wake mwekundu, ambao watu wa vijiji vitatu huja kumwomba mbegu kila mwezi wa Novemba. Nikaitazama orodha ya mbegu zilizosajiliwa, mara mbili. Mtama wake haukuwamo.